Wanane wa Jiwe, Ishirini wa Mfereji

Ntambwe, Chome
Jumapili, 8 Juni 2025

Honorata,

Una akili wewe, au umezisahau kwenye gari la Sefu pamoja na magunia ya tangawizi? Sikusalimii. Na marahaba yako nimeifungia kabatini, utaipata siku utakayoistahili.

Sefu ameshusha mzigo hapo Same, akapita kwako kukupa maziwa niliyokutumia, akakukuta unacheza mpira kwenye kioo na vijana wa bodaboda. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenye cheti cha upimaji ardhi, unapiga kelele za goli kwenye chumba cha bati nyuma ya soko! Hilo ningelimeza. Lakini anasema umemwambia, kwa mdomo wako, kwamba ile akili mpya ya kompyuta unayokwenda kununua Arusha ni ile yenye wafanyakazi wanane ndani, kwa kuwa gemu hazikwami humo. Na kwamba iko nyingine ya bei hiyo hiyo yenye wafanyakazi ishirini, nayo umeiacha dukani.

Ishirini wapo, wewe unachukua wanane! Hesabu hiyo umefundishwa na nani?

Nikukumbushe. Mwezi wa nne, kwenye mkutano wa ndiva, mwenyekiti Elirehema alisema ramani ya ndiva, bwawa letu hilo, na mfereji wake ikachorwe na kampuni ya Moshi. Nani alisimama? Nilisimama mimi, Asteria, niliyejifunza kuandika ukubwani nikiwa na baba yako mgongoni. Nikasema mbele ya watu wote: mjukuu wangu ataichora. Elirehema akacheka na meno yake matatu. Ukaja na kile kidege chako, kikapiga picha kutoka chemchemi hadi shamba la mwisho, kuku wangu wakagoma kutaga siku mbili. Halafu kompyuta yako ya zamani ikashindwa kuziunganisha hizo picha. Sawa. Nikauza ng'ombe ununue nyingine. Yule ng'ombe hakutoka zizini ili vijana wa bodaboda wafungane magoli.

Watu wa mradi wa maji wanataka ramani tarehe 18 Julai. Ikichelewa, saruji yetu inakwenda kijiji kingine, ndiva inaendelea kuvuja kama chekeche, na mahindi ya kiangazi tutayaona kwa wenzetu. Unanielewa? Aibu yangu naweza kuibeba, nimebeba mizito zaidi. Maji ndiyo siwezi kuyabuni.

Usinipigie simu. Kwenye simu watu wanasema leo, kesho wanakana. Niandikie, nikushike na karatasi yako.

Bibi yako,
Asteria


Same
Jumatano, 11 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, hata kama jibu lake liko kabatini.

Sefu amekuletea nusu ya habari. Kile kinachofikiri ndani ya kompyuta kinaitwa prosesa, kidude chenye ukubwa wa biskuti. Ndani yake kuna sehemu zinazofanya kazi, ndizo hizo Sefu anaziita wafanyakazi, na mimi nitaziita hivyo hivyo. Nilikuwa nalinganisha prosesa mbili.

Ya kwanza ina wanane, wote wenye nguvu. Sifa yake ni ghala: ubavuni mwao limewekwa ghala kubwa la kumbukumbu, kubwa kuliko la ile nyingine kwa mbali. Ni kama ndiva ingechimbwa mlangoni kwako, ukitaka maji unainama tu, hungoji yateremke kutoka msituni. Gemu linapenda hivyo. Mchezaji apige, mpira uende, kipa aruke, yote kufumba na kufumbua, na kila kimoja kinamngoja mwenzake. Huwezi kuigawa kazi hiyo kwa watu wengi.

Ya pili ina ishirini, lakini wenye nguvu ni wanane tu. Kumi na wawili waliobaki ni wadogo, wa kazi nyepesi. Ghala lao si kubwa. Tena inakula umeme zaidi ya mara mbili ya mwenzake, na inatoa joto kama jiko la mkaa.

Bibi, chumba hiki hakisimami kwa ramani peke yake. Mchana nachora, jioni vijana wanalipa kucheza. Ya wanane itacheza na ramani pia itaifanya. Inatosha.

Usiogope, nitawahi.

Mjukuu wako mtiifu,
Honorata


Ntambwe, Chome
Jumapili, 15 Juni 2025

Honorata,

Hilo neno "mtiifu" lifute, linachafua karatasi.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa miwani ya marehemu babu yako. Umeandika vizuri, maneno yamejaa kurasa mbili, na hakuna mahali uliposema ramani yangu itachukua muda gani kwa wanane na muda gani kwa ishirini. Mtu anayeruka swali ana lake jambo. "Inatosha" ndilo neno aliloniambia fundi wa paa, na masika yaliyofuata nililala na beseni kitandani.

Kwa kuwa hukunipimia, nimepima mwenyewe.

Jana baragumu lilipigwa, msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, kila nyumba mtu na jembe lake. Nikawaambia leo tunafanya kwa namna yangu. Elirehema akauliza, "Namna gani tena hiyo, Bibi Asteria?" Nikamwambia shika jembe unyamaze, hii ni sayansi.

Nikatenga wanaume wanane wenye mabega. Hao nikawawekea nyundo, mitaimbo na ndoo ya maji ya kunywa palepale miguuni, ndilo ghala lako hilo. Upande wa pili nikapanga ishirini: wanaume wanane, na kumi na wawili wa karai, akina mama na wazee, pamoja na Beatha mwenye goti bovu. Vifaa vyao nikaviacha nyumbani kwa Elirehema, anayetaka kitu atume mtu. Mwalimu Anaeli akashika saa.

Kwanza mawe. Si unajua yale mawili yaliyoporomoka na kuziba mlango wa mfereji? Kila kundi nikalipa lake. Wale wanane walilizunguka la kwao, haya, haya, likapasuka kabla sijamaliza kufunga khanga vizuri. Huku kwa ishirini, wanane wanangoja mtaimbo uletwe, na kumi na wawili wamesimama wanashauri. Beatha alishauri kuliko wote. Jiwe halina nafasi ya kuzungukwa na watu ishirini, nimekubali. Kwa jiwe wanane wako ni wanaume.

Halafu mfereji wenyewe. Nikapima vipande viwili sawasawa, hatua mia mbili kila kimoja. Mjukuu wangu, ungekuwepo! Ishirini walijipanga mstari, huyu anachimba, huyu anazoa, huyu anatupa, na wale wadogo unaowadharau hawakupumzika hata kupenga kamasi. Walimaliza, wakanywa uji, wakaenda kuwazomea wanane waliobakiwa na theluthi nzima. Beatha akawaimbia, akawachezea na goti lile lile bovu.

Sasa nijibu kwa maandishi. Ramani yangu ni jiwe au ni mfereji? Na ni saa ngapi kwa wanane, saa ngapi kwa ishirini? Ukiandika "inatosha" nitashuka mwenyewe.

Bibi yako,
Asteria


Njiani kurudi Same
Alhamisi, 19 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Vijana nimewasomea barua yako, wamecheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha mmoja akauliza, "Sasa da' Hono, ramani ni jiwe au mfereji?" na wote wakanitazama mimi. Nikafunga mlango, nikapanda basi la Arusha.

Ni mfereji.

Picha ni elfu moja mia nane na arobaini. Kila picha inalinganishwa na jirani zake, jiwe kwa jiwe, jani kwa jani, mpaka mlima wote usimame kwenye kioo na urefu wake na miteremko yake. Kazi hiyo inagawanyika vipande vipande. Pale dukani yupo Tumainieli, tulisoma naye chuo, akaniruhusu kujaribu prosesa zote mbili kwa picha mia mbili. Tukapiga hesabu ya zote. Wanane: saa thelathini. Ishirini: saa kumi na tisa. Na ukitokea upungufu, kazi inarudiwa tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti hiyo si mchezo.

Tukajaribu na gemu, ili nisikudanganye tena. Ya wanane ilitoa picha mia moja na sitini kwa sekunde, ya ishirini mia moja na thelathini. Namba ziliiona tofauti. Jicho langu, Bibi, halikuiona. Nilicheza kwenye zote mbili na nikamfunga Tumainieli kwenye zote mbili.

Unataka kujua kwa nini niliruka swali lako? Nilikuwa naogopa. Kwenye gemu najijua, hapa Same hakuna anayenishinda. Ramani ya ukubwa huu sijawahi kuifanya. Nilifikiri, ikinishinda, angalau nibaki na kompyuta ya kile ninachokiweza.

Nimenunua ya ishirini. Iko mapajani mwangu sasa hivi, nakuandikia nikiwa ndani ya basi, ndiyo maana mwandiko unaruka.

Honorata


Same
Jumanne, 1 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo. Kompyuta imefungwa vizuri. Kazi inaendelea. Hali ya hewa huku ni nzuri. Usiwe na wasiwasi.

Honorata


Ntambwe, Chome
Alhamisi, 3 Julai 2025

Honorata,

Barua fupi kama risiti! Yule aliyenijazia kurasa mbili kwa mambo ya ghala na biskuti, leo ameishiwa maneno?

Na tangu lini mtu akasifu hali ya hewa ya Same? Mimi nikishuka huko kwa daktari wa macho nabanana na ukuta kutafuta kivuli, nahesabu saa za kurudi. Unaficha jambo, na kuficha kwenyewe hujui.

Sefu nimemkalisha jikoni, nikaweka makande mbele yake, nikashika sahani. Nikamwambia hii sahani ina masikio, inataka kusikia kwanza. Akasema. Amekukuta umekaa sakafuni, kichwa mikononi, kompyuta imevuliwa ubavu inapulizwa na feni ya mezani, na hao vijana wako hakuna hata mmoja.

Andika ukweli leo. Sefu hataondoka hapo kwako bila karatasi, nimemwambia akirudi mikono mitupu asije kuchungulia sufuria yangu tena. Zimebaki siku kumi na tano.

Asteria


Same
Alhamisi, 3 Julai 2025, jioni

Bibi,

Shikamoo. Sefu amekaa mlangoni kama polisi, kwa hiyo nasema.

Hao ishirini wako wanazimia.

Wakianza kazi wote kwa pamoja, joto linapanda mpaka digrii mia, na kompyuta inajizima yenyewe isiungue. Nimejaribu mara nne. Nikianza asubuhi, mchana bati linawaka, inazima. Nikianza jioni, inakwenda vizuri mpaka asubuhi yake, halafu jua linapanda kazi ikiwa haijaisha, inazima. Nikaipunguzia nguvu isichemke, ikawa mvivu kuliko hata ile ya wanane, na mchana ukaikuta vilevile. Kila inapozima naanza upya, picha ya kwanza. Vijana nimewafukuza kwa sababu hata pumzi zao niliona zinaongeza joto.

Bibi, nitaandika kitu, na ukitaka kuja kunichapa, njoo. Ya wanane ingechelewa, lakini isingezima. Inakula umeme kidogo, haichemki. Ingekuwa imemaliza wiki iliyopita. Wewe uliwapima watu Chome, kwenye ukungu, wanalima wamevaa masweta. Hukuona hata mmoja akitoka jasho. Mimi nakaa chini, ndani ya bati. Ulipima juu ukaniagizia huku chini, na mimi mpimaji mwenye cheti nikakubali bila kukumbuka ninapoishi.

Sikutaka kukuandikia hivyo. Basi nimeandika.

Honorata


Ntambwe, Chome
Jumapili, 6 Julai 2025

Honorata,

Marahaba.

Hiyo nimeitoa kabatini leo. Umesema ukweli, tena umenisema mimi, tena una haki. Nilipima juu nikakuagizia chini. Nimelitamka mara moja, usisubiri nilirudie.

Sasa inuka hapo sakafuni. Kama joto linawaua, wapandishe kwenye baridi. Tangu Ijumaa ukungu uko mlangoni kwangu, maziwa yanalala mezani bila kuganda, na mimi nalala na blanketi tatu. Hao ishirini wako watatetemeka mpaka wakuombe kazi.

Najua utakachosema: umeme wa Ntambwe ni dhaifu, mashine ya kusaga ikinguruma taa zangu zinasinzia. Nimelishughulikia. Leo baada ya misa nilisimama kwenye mlango wa kanisa, mlango ni mmoja, hakuna aliyepita. Nikawauliza, maji ya ndiva tunagawana vipi? Wakasema kwa zamu. Nikauliza, mtu akiwa kwenye zamu yake mwingine anafungulia kwake? Wakasema anatozwa mbuzi. Nikasema vizuri. Umeme wa Jumatano jioni mpaka Alhamisi jioni ni zamu ya ramani. Anayewasha kitu kikubwa zaidi ya balbu, mbuzi.

Mwenye mashine ya kusaga akalia, "Bibi, watu watakula nini?" Nikamwambia watasaga Jumanne, na asiyewahi apike makande, makande hayapiti mashineni. Fundi wa kuchomelea mageti akasema ana oda. Nikamwuliza hilo geti litafungia nini, shamba lililokauka? Akakubali. Pasi zimekubali. Hata wale wa kwaya wamekubali kufanya mazoezi bila spika, na hapo kijiji kimeshapata faida.

Elirehema ndiye aliyebisha. "Umeme si maji, Bibi Asteria. Kila mtu ana mita yake." Nikamwambia wewe ndiye wa mwisho kunifundisha habari za zamu. Miaka kumi na moja zamu yangu ikifika maji yanafika nusu, na shamba lako ndilo liko juu yangu. Kila mtu anajua yanakoishia. Watu wakaguna. Yeye akagonga fimbo yake mara moja, akasema, "Nitazima hata redio." Akaenda zake.

Jumatano asubuhi Sefu atakuja kukuchukua. Kompyuta uifunge kwenye blanketi nililompa, uipakate wewe mwenyewe. Isikae juu ya magunia, na Sefu asiambiwe awahi popote. Njoo na kidude kile cha kushika umeme ukikatika. Chumba cha babu yako nimekitoa kila kitu, kimebaki kitupu na dirisha lake la kaskazini liko wazi.

Bibi yako,
Asteria


Same
Ijumaa, 18 Julai 2025

Bibi yangu mwenyewe,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Wameipokea! Ndiva yetu imepita!

Nimetoka ofisini kwao sasa hivi, sijala, nimekaa kwenye ngazi za nje naandika. Mhandisi wa mradi alifungua ramani kwenye kioo chake, akaivuta karibu, akaizungusha, akafuata mfereji kutoka chemchemi hadi shamba la mwisho kama mtu anayetembea kwa miguu. Akaita wenzake wawili. Akaniuliza, "Hii ni kazi ya kampuni gani?" Nikamwambia ya Ntambwe. Akasema haijui. Nikamwambia ataijua.

Saa kumi na saba na nusu, Bibi! Tumainieli alihesabu kumi na tisa. Nimemtumia picha, digrii hazikupita sabini na tano, anasema hajawahi kuona ishirini wakikimbia hivyo bila kushuka mwendo. Nimemwambia yeye hana Chome. Anataka kujua nilitumia feni ya aina gani. Nimemjibu: dirisha la kaskazini.

Bado nakuona umekaa kwenye kigoda kizingitini na lile koti la babu, umemzuia hata katekista aliyekuja kuchaji simu. "Simu yako ina zamu Ijumaa." Halafu Alhamisi, kazi ilipoisha na watu wamejaa uani, wewe ukanifuata taratibu ukasema, "Haya, niwashie na huo mpira." Hukumaliza dakika tano ukawa unamtukana beki. "Simama na mtu wako, mjinga wewe! Anasimama na nani huyu?" Fundi wa mageti alicheka mpaka akakaa chini. Na ukaona mwenyewe, hao ishirini wanacheza pia, hawakukwama hata mara moja. Jana vijana wamerudi chumbani kwangu. Jioni, bati likipoa, wanacheza humo humo bila shida. Kazi nzito nitapanda nayo huko.

Sasa kuna jambo. Nililiona ile Alhamisi, ulikuwa umekaa kando yangu, na nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unacheka.

Ile kona ya mfereji, ukishapita shamba la Mzee Elirehema kabla hujafika lako. Kwa hatua thelathini sakafu ya mfereji inapanda badala ya kushuka. Kwa macho huoni, hata mimi nimepita hapo tangu utoto. Ramani imeona: inapanda sentimita arobaini. Maji yakifika hapo yanatuama, yanazama kwenye changarawe. Nusu ya zamu yako inaishia chini ya ardhi. Nimeangalia shamba la Mzee Elirehema mara sita, pembe zote. Hakuna mchepuko, hakuna tundu, hakuna kitu. Hajawahi kukuibia hata kikombe.

Kona hiyo nimeiingiza kwenye maombi. Saruji ya ndiva inakuja wiki ijayo, na mabomba ya kona pia wamekubali. Kuchimba ni juu yetu.

Wewe ndiye uliyeniambia karatasi inamshika mtu. Samahani Bibi, hii imekushika wewe.

Honorata


Ntambwe, Chome
Jumapili, 20 Julai 2025

Honorata,

Umekaa na jambo kubwa namna hiyo siku nane, eti kwa sababu nacheka! Kwani mimi yai? Siku nyingine niambie hata kama niko katikati ya kuimba.

Barua yako nimesomewa na mwalimu Anaeli mbele ya kanisa, maana macho yangu yalikuwa na maji na sikutaka watu waseme nalia. Alipofika kwenye "ndiva yetu imepita", akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Beatha amecheza tena. Goti hilo sasa siliamini. Kengele imegongwa siku isiyo na ibada ya pili, padri akatoka kuuliza nani amekufa, akaambiwa hakuna aliyekufa, maji yanakuja.

Hapo kwenye habari ya kona mwalimu alisita, akanitazama. Nikamwambia soma. Akasoma yote, mbele ya watu wote. Nilimsema mtu mbele ya kanisa, kwa hiyo nikasomwa mbele ya kanisa.

Baadaye nikaenda kwake. Alikuwa ananoa panga.

"Karibu, Bibi Asteria. Umekuja kunihesabia maji?"

"Nimekuja kukuambia huibi."

"Mimi nilijua siibi."

"Wewe ulijua. Mimi sikujua. Sasa najua."

Akanoa kidogo, akasema, "Na mimi nilitaka kampuni ya Moshi."

"Ulikosea."

"Na wewe ulikosea."

"Basi tumelingana. Chai iko wapi?"

Akacheka na yale meno yake. Tumekunywa chai, mkewe akaleta magimbi. Miaka kumi na moja sikuwa nimekaa kwenye kiti cha nyumba ile, na viti vyao ni vizuri. Nimemwambia zamu yangu ya kwanza mfereji ukishatengenezwa aichukue yeye. Akakataa. Nikamwambia sikumwuliza.

Sasa nina kazi mpya bila kuomba. Tangu Alhamisi ile ya ramani wananijia. Leo mwalimu Anaeli anataka kumnunulia mwanawe kompyuta, akaniuliza, "Bibi, prosesa ipi ni nzuri?" Nikamwambia hakuna nzuri, kuna ya jiwe na kuna ya mfereji. Mtoto anataka gemu tu, na anakaa chini kwenye joto? Mpe wanane na ghala lao, hawachemki, hawali umeme. Mtoto ana kazi nzito ya kugawanyika, na anakaa juu kwenye baridi? Mpe ishirini. Anakaa chini na kazi ni nzito? Atafute bibi mlimani. Ameandika yote kwenye daftari. Mwalimu, anaandika maneno yangu!

Wewe nimekusema sana mwaka huu na nitaendelea. Lakini ulipoogopa, uliogopa huku unafanya. Nimewaambia watu hivyo, kwa hiyo nakuambia na wewe.

Yatosha. Sikiliza kazi. Jumamosi tarehe 26 baragumu litapigwa, Elirehema mwenyewe ndiye atakayelipuliza. Wanane watakuwa kwenye mwamba wa kona, ishirini nyuma yao kwenye mfereji, nimeshawapanga kwa majina. Wanachongoja ni kuonyeshwa wapi pa kuchimba na kwa kina gani, na hilo anayelijua ni wewe peke yako. Panda Ijumaa na Sefu. Chonga vigingi mia moja, vyenye ncha, uvipake rangi nyekundu, na kamba ya kupimia iwe mpya, ile ya zamani imeoza. Vaa buti. Ukifika usiingie ndani kunisalimia. Nenda moja kwa moja kwenye kona, ukapigilie kigingi cha kwanza kabla jua halijazama.

Bibi yako,
Asteria